MCA anasema tenisi ni mchezo wa matajiri: tumjibu vipi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa. Jioni tunafundisha watoto tenisi kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, na neti yetu ni kamba tuliyoitundika vitambaa. Wazazi kadhaa na wachezaji wa zamani tumekubaliana tuiombe kaunti ijenge kituo cha tenisi cha umma, viwanja sita hivi, kiwe wazi kwa kila mtu. MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi yetu kwenye bunge la kaunti, alitusikiliza, akacheka, akasema tenisi ni mchezo wa matajiri na watu wake wanataka maji na barabara. Hata hivyo alituambia tumpelekee maandishi. Tuandike nini?

Jibu: Mwalimu, salamu kwako na kwa wenzako. Kwanza msimchukie huyo MCA. Mtu anayecheka kisha akasema "leteni maandishi" ni afadhali kuliko yule anayetikisa kichwa, akaahidi, na kesho yake simu haishikwi. Tena amewarahisishia kazi. Pingamizi mtakazokutana nazo huko juu, kuanzia kwa waziri wa michezo wa kaunti mpaka kwenye kamati ya bajeti, amezimaliza kwa sentensi moja: matajiri, maji, barabara. Mkizijibu hizo kwa ukweli, nusu ya karatasi yenu imeshaandikika.

Mgala muue na haki yake umpe. Kuhusu matajiri, hajakosea sana. Tenisi kwetu ililetwa na Waingereza, wakaicheza wao kwa wao ndani ya klabu zao. Mombasa Sports Club ilianzishwa 1896, Nairobi Club ikafuata 1901, na kwa miaka mingi Mwafrika aliyeingia klabu za namna hiyo aliingia kuokota mipira na kupiga uwanja roli. Uhuru ukaja, kizuizi cha rangi kikaondoka langoni, ada ya uanachama ikabaki. Hadi leo mtu wa kawaida akitaka kucheza tenisi katika miji yetu atabisha hodi klabuni, hotelini au kwenye shule ya kulipia. Kwa hiyo MCA ameona sawasawa ni nani anayecheza. Alichokosea ni sababu. Raketi moja ya kuanzia inaweza kuazimwa na watoto ishirini kwa zamu, na mpira mtaupiga mpaka manyoya yaishe. Kilicho ghali ni lango.

Hoja hii ina ushahidi mzuri hapa hapa Kenya. Angella Okutoyi, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi duniani, aliyeshinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili mwaka 2022 pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, hakutoka kwenye nyumba ya mwanachama wa klabu. Alilelewa na nyanya yake, mfanyakazi wa shule ya Loreto Convent Msongari jijini Nairobi, na huko shuleni ndiko alikoanza kushika raketi akiwa bado mdogo sana. Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyeshinda Wimbledon 1975, alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1943, mji wa ubaguzi mtupu. Baba yake alikuwa mtunzaji wa bustani ya Brook Field, iliyotengewa watu weusi, na nyumba yao ilikuwa ndani ya bustani hiyo hiyo, karibu na viwanja vya tenisi. Wote wawili walifika uwanjani kwa sababu mzee wao aliajiriwa mahali palipokuwa na uwanja. Ni bahati ya kazi ya mzazi. Kituo cha umma kinaiondoa hiyo bahati, kinaweka anwani inayojulikana, pamoja na matatu ya kufikia hapo.

Na kama atauliza kituo cha umma kimemsaidia nani, mwambieni kuhusu Billie Jean King. Baba yake alikuwa zimamoto huko Long Beach, California, naye alijifunza tenisi bure kwenye bustani za umma za mji huo. Leo kituo kinachoandaa mashindano ya US Open, kilichofunguliwa 1978 ndani ya bustani ya jiji ya Flushing Meadows, New York, kina jina lake tangu 2006, na mashindano yakiisha mwananchi anakodisha uwanja humo na kucheza.

Lakini nawaonya: msimwahidi MCA bingwa. Msiandike kwamba mtatoa Okutoyi mwingine. Bingwa hutokea kwa nadra, na mkimwahidi mtu bingwa atamdai. Mifano hii itumieni kuonyesha jambo moja tu, kwamba ukaribu wa uwanja ndio unaoamua nani ataanza.

Sasa kiini cha maandishi yenu. Mmesema mnaomba "viwanja sita". Futeni hilo. Ombeni saa za mchezo. Mwanasiasa akisikia viwanja sita anaona watu ishirini na wanne wanaocheza na mtaa mzima ukiwatazama. Akisikia saa za matumizi kwa wiki, na nani atazitumia, anaanza kuona wapiga kura. Na mkishazihesabu saa, ninyi wenyewe mtabadilisha mpango wenu.

Hebu tuhesabu. Mombasa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo, mwaka mzima. Watoto wanatoka shule kuelekea saa kumi. Mtu mzima anatoka kazini saa kumi na moja, akifika nyumbani giza limeingia. Saa sita mchana mpaka saa tisa hakuna mwenye akili timamu atakayekimbia juu ya sakafu ngumu kwenye joto letu. Uwanja usio na taa, siku ya kazi, una saa mbili za asubuhi na saa mbili za jioni ambazo watu wanaweza kuzitumia kweli. Jumla saa nne. Uwekeni taa, mcheze mpaka saa tatu usiku, zinakuwa saa saba. Viwanja sita visivyo na taa ni saa ishirini na nne kwa siku. Viwanja vinne vyenye taa ni saa ishirini na nane, kwa ardhi ndogo zaidi na sakafu chache za kukarabati. Na hizo saa za usiku ndizo zinazomleta mtu mzima anayelipa. Ningekuwa ninyi ningeomba vinne vyenye taa, nikaacha vile viwili vya ziada vibaki mchoro.

Upande wa watoto hesabu ni tamu zaidi, na hapa MCA ataacha kucheka. Tangu 2007 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, limekuwa likisukuma tenisi ya mipira ya mwendo wa polepole: mpira mwekundu ambao ni polepole kwa asilimia 75 kuliko ule wa kawaida wa njano, wa rangi ya machungwa asilimia 50, wa kijani asilimia 25. Tangu 2012 mashindano ya watoto wa miaka kumi na chini hayaruhusiwi kutumia mpira wa kawaida. Mpira mwekundu unachezwa kwenye kiwanja kidogo cha mita 11 hivi kwa urefu, na uwanja mmoja wa kawaida unabeba viwanja vidogo vinne ukivigeuza kwa upana. Watoto wanne wanne, hao ni kumi na sita kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Viwanja vinne, sitini na wanne, yaani darasa zima na la pili likaingia. Uzuri ni kwamba mnaweza kumwonyesha hapo hapo kwenye uwanja wenu wa kikapu. Chorani mistari kwa chaki, mwalikeni Jumamosi asubuhi, msimhutubie, acheni aangalie.

Kuhusu maji na barabara, msishindane navyo. Mkisema tenisi ni muhimu kama maji mtachekwa, na mtastahili. Jibu ni kwamba hamuombi fedha za maji. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake, pamoja na bustani na mahali pa burudani. Idara ya michezo ina fungu lake kwenye bajeti ya maendeleo, liwe dogo liwe kubwa, na fungu hilo litatumika kwa jambo fulani. Ninyi mnashindana na matumizi mengine ya fungu hilo hilo, na hapo ndipo mnapoweza kushinda. Tena ongezeni hili, maana linamgusa yeye mwenyewe: uwanja wa udongo unataka kumwagiliwa na kupigwa roli kila siku. Katika mji ambao mama ananunua maji kwa mtungi, msithubutu kuomba uwanja unaokunywa maji. Ombeni sakafu ngumu, ya zege au lami iliyopakwa rangi ya akriliki.

Ardhi ndiyo itakayowachosha. Uwanja mmoja wa tenisi wenyewe ni mita 23.77 kwa 10.97, lakini ukiweka nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni unahitaji karibu mita 36.6 kwa 18.3, yaani mita za mraba 670 hivi. Vinne ni kama 2,700. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo ndani ya ekari moja mtapata viwanja vinne, vyoo, chumba cha vifaa, kivuli cha kukalia na ukuta wa kupigia mpira. Uwanja wa mpira wa miguu wa mita 105 kwa 68 unazidi 7,000. Andikeni ulinganisho huo waziwazi, kisha andikeni kwa herufi nzito kwamba hamtagusa uwanja wowote unaochezewa soka. Nimeona pendekezo zuri la mchezo wa aina hii likifa kwa sababu mchoro wake ulikuwa umekalia pembe moja ya uwanja wa vijana wa mtaa. Vijana walijaa kwenye kikao, na hakuna mwakilishi aliyetaka kupiga kura mbele yao.

Msiende na ombi la "kaunti itutafutie mahali". Nendeni na vipande viwili au vitatu mlivyovitembelea wenyewe, na kwa kila kimoja mjue kiko kwa jina la nani. Ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Hivyo ndivyo Kifungu cha 62 cha Katiba kinavyosema, ila ninyi na mimi tunajua viwanja vya kuchezea vya pwani hii vimekwenda wapi. Fanyeni utafutaji kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kuandika jina la kiwanja popote. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo mapema: kipande kilichozungushiwa ua, chenye taa na watoto kila jioni, ni kigumu kunyakuliwa kuliko kipande kitupu chenye kibao. Kwa baadhi ya madiwani hoja hii ina uzito kuliko tenisi yenyewe.

Kabla ya hapo, zungukeni. Shule kongwe, vyuo, nyumba za taasisi za serikali: mara nyingi pana uwanja wa tenisi uliogeuka kuwa maegesho ya magari au mahali pa kuanikia nguo. Uingereza serikali na chama cha tenisi cha nchi hiyo, LTA, hawakuanza kwa kujenga vipya. Walitenga zaidi ya pauni milioni 30 kufufua viwanja vilivyochakaa kwenye bustani za umma, wakafikia zaidi ya viwanja 3,000 kabla ya 2024 kwisha. Kazi haikuwa sakafu tu. Ilikuwa pia geti linalofunguka kwa namba ya siri na mfumo wa kuweka nafasi mtandaoni, ili mtu ajue kabla hajatoka nyumbani kwamba uwanja uko wazi. Kwetu sisi tulio na M-Pesa mkononi, hilo si jambo la kutisha. Mkipata hata viwanja viwili vya kufufua, mmeshapata awamu ya kwanza.

Sasa mlango wa fedha, na hapa ndipo mapendekezo mengi ya wapenda michezo yanapokwama bila wenyewe kujua. Kujenga kunatoka mfuko wa maendeleo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Mshahara wa mtunza uwanja, umeme, neti mpya, dawa ya kufagia ukungu wa mvua ya Mei, hivyo vyote ni matumizi ya kawaida, mfuko mwingine kabisa, ambao huwa umeshamezwa na mishahara. Ndiyo maana mnaona majengo ya michezo yenye bango la uzinduzi na kufuli lenye kutu. Siku ya kukata utepe ilikuwa na bajeti. Jumatatu iliyofuata haikuwa nayo.

Mtasema, basi tutoze ada ndogo usiku, watu wazima walipie taa. Sawa kabisa, na nawaunga mkono. Lakini kuna mtego. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka fedha zote zinazokusanywa na kaunti ziingie kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti, isipokuwa zilizoachwa nje kwa mujibu wa sheria. Maana yake, shilingi anayolipa mchezaji saa mbili usiku inakwenda kwenye chungu kikuu, na neti ikikatika mnaanza kuandika barua. Tena ada yenyewe lazima iwe kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo, la sivyo askari wa kaunti hana haki ya kuidai.

Njia za kutoka ni mbili. Kaunti inaweza kuunda mfuko maalumu chini ya kifungu cha 116 cha hiyo sheria ya fedha za umma, kwa idhini ya bunge la kaunti. Hiyo inafaa ikiwa wanataka mfuko wa viwanja vyote vya michezo, maana kwa kituo kimoja cha tenisi ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya supu ya mtu mmoja. Ama kaunti ibaki mwenye ardhi na majengo, iingie mkataba wa usimamizi na chama kilichosajiliwa, chama hicho kikusanye ada, kimlipe mtunzaji, kilipe tokeni za umeme, na kitoe hesabu hadharani kila robo ya mwaka. Mimi naegemea hii ya pili, kwa sharti moja zito: mkataba utaje saa za bure. Bila hilo, chama kitageuka klabu. Wachezaji wazuri wana tabia ya kukalia uwanja, na baada ya miaka mitatu mtoto wa Kisauni atabisha hodi kwenye lango jipya lililojengwa kwa kodi ya mama yake. Wekeni kwenye mkataba kwamba saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni siku za shule ni za watoto, bila malipo, raketi za kuazima zipo, na kwamba chama kikivunja hilo kaunti inachukua funguo.

Wekeni pia saa za wanawake. Tuko Mombasa, tunajuana. Kuna akina mama na wasichana wengi wangependa kucheza lakini si mbele ya barabara nzima. Kitambaa cha kijani kinachofungwa kwenye ua ili kuzuia upepo kinazuia na macho, na mkufunzi wa kike kwa saa hizo si gharama mpya, ni ratiba tu. Mkiliandika hili mapema mtapata sauti ambazo kwa kawaida haziji kwenye vikao vya michezo. Na geti liwe pana la kupitisha kiti cha magurudumu: tenisi ya viti inatumia uwanja ule ule na neti ile ile, tofauti ni kwamba mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili.

Nisiwachoshe na uhandisi, ila mambo machache lazima yaingie kwenye BQ, ile orodha ya kazi na vifaa anayopewa mkandarasi, kwa sababu mkandarasi aliyezoea kujenga madarasa atayakosea. Uwanja uelekee kaskazini na kusini. Sisi tuko digrii nne tu kusini ya ikweta, jua linatoka mashariki na kuzama magharibi karibu moja kwa moja mwaka mzima, na uwanja uliolala mashariki-magharibi unampofusha mmoja kati ya wachezaji saa kumi na moja jioni, saa ile ile mnayotaka watoto wawepo. Sakafu iwe na mteremko wa asilimia moja hivi, wa upande mmoja, kutoka pembeni hadi pembeni. Kwa upana wa mita 18 hiyo ni tofauti ya sentimita 18. Haionekani kwa jicho lakini mvua ya masika itaiona. Ukisawazishwa bila mteremko wowote, kila mvua itaacha madimbwi na rangi itaanza kubanduka pale maji yanapokaa. Nguzo na seng'enge ziwe zimechovywa kwenye zinki na kuvikwa plastiki, si kupakwa rangi tu, maana chumvi ya bahari haina simile. Taa msiandike "taa nane". Andikeni kiwango cha mwanga. Viwango vya Ulaya vinatumia lux 200 kwa mazoezi na shule, 300 kwa klabu, 500 kwa mashindano makubwa. Lux 300 inawatosha. Nguzo za taa zikae kando ya uwanja, zisiwe nyuma ya mchezaji wala mbele ya macho yake.

Na ule ukuta wa kupigia mpira msiuache ukakatwa bajeti ikibana. Ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote, hauhitaji mwenzako, hauhitaji kuweka nafasi, na mtoto aliyefika peke yake ana la kufanya.

Kuna hoja mbili ambazo wenzako watataka ziwe mbele, nami nasema ziwekeni nyuma. Ya kwanza ni afya. Utafiti wa Copenhagen uliochapishwa 2018, uliofuatilia watu 8,577 kwa hadi miaka 25, ulikuta wacheza tenisi waliishi miaka 9.7 zaidi ya watu wasiofanya mazoezi. Namba tamu. Lakini watafiti wenyewe wanasema ni uhusiano, si uthibitisho kwamba tenisi ndiyo iliyowaongezea miaka, na daktari yeyote kwenye kamati atauliza kama wacheza tenisi wa Copenhagen hawakuwa pia na kipato kizuri. Hapo mtakuwa mmemrudishia MCA hoja yake ya matajiri. Mstari mmoja unatosha. Ya pili ni utalii wa michezo. Kweli, Kigali iliandaa ATP Challenger, mashindano ya kimataifa ya wanaume wa kulipwa, kwa mara ya kwanza 2024, na Mombasa ina hoteli kuliko miji mingi. Lakini mashindano ni wiki moja au mbili. Kituo kinachojengwa kwa ajili ya wiki mbili kitakuwa na jukwaa la wageni na hakitakuwa na mshahara wa mtunzaji. Mashindano yakija, karibu, yasiwe sababu.

Kuhusu wakati: mwaka wa fedha wa kaunti unaanza Julai 1, lakini mkienda Juni mmechelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ADP, unatakiwa kufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, karibu miezi kumi kabla ya mwaka wenyewe kuanza. Hati ya mkakati wa fedha inafika Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Vikao vya maoni ya umma viko katikati ya tarehe hizo, na ndivyo vinavyopaswa kujaa wazazi wenu, na kila mmoja aseme dakika moja. Angalieni pia CIDP, ule mpango wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kama una mstari wowote kuhusu viwanja vya michezo vya wadi au bustani za umma, jipachikeni hapo na mtaje ukurasa. Kama hauna, kazi ya mwaka huu iwe awamu ndogo, na mjiandae kuingia kwenye mpango ujao wakati wa kuandikwa kwake baada ya uchaguzi.

Ukurasa wa kwanza wa maandishi yenu ningeuanza hivi, mjaze nafasi wenyewe: "Tunaiomba Kaunti ya Mombasa itenge ekari moja ya ardhi ya umma katika wadi ya …, kwa ajili ya kituo cha tenisi cha umma kitakachotoa saa … za mchezo kwa wiki, na kati ya hizo saa … ni za bure kwa watoto wa shule za umma zilizo umbali wa kutembea kwa miguu. Kwa sasa watoto … wanafanya mazoezi kila wiki katika uwanja wa shule yetu. Daftari la mahudhurio limeambatishwa. Hatuombi kubadilishiwa matumizi ya uwanja wowote wa soka." Sentensi chache, na pingamizi tatu zimekwisha jibiwa kabla hazijaulizwa.

Hilo daftari si pambo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenu ni watoto wanaokuja sasa hivi, kwenye kamba na vitambaa. Anzeni leo kuandika tarehe, idadi, wasichana wangapi, wanatoka shule gani. Miezi mitatu ya kurasa zilizochafuka kwa jasho ina nguvu kuliko mchoro wa rangi wa msanifu. Ambatisheni pamoja na barua za walimu wakuu wa shule za jirani wakisema wataleta watoto siku gani na saa ngapi, barua ya chama cha tenisi cha kitaifa ikiwezekana, matokeo ya utafutaji wa ardhi, na kadirio la gharama lililopitiwa na mhandisi, likiwa na safu mbili: kujenga, na kuendesha kwa miaka mitano.

Pelekeni nakala moja kwa MCA mkononi, na muwe wapole. Nakala ya pili iwe ombi rasmi kwa bunge la kaunti chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kinachompa kila mtu haki hiyo, na msisitize igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. MCA mwambieni mapema kwamba mnafanya hivyo na mumwombe yeye ndiye awasilishe. Akikubali, mradi ni wake pia. Akikataa, ombi lenu lina muhuri, na karani wa bunge anajua limefika siku gani.